Subiri Baada ya "Nzuri"

Mwanangu, yuko mtoto aliyekaribia kufa kabla hajazaliwa, kwa sababu tu mama yake alijibu salamu kwa adabu. Nilikuwepo siku hiyo, na sijaisahau.

Niliikumbuka jana, nilipokusikia uani ukikariri kwa ajili ya usaili wako wa ukalimani kule Kasulu. Neno la Kiswahili, maana yake ya Kiingereza, kisha sentensi ya mfano. "Nzuri: fine. Habari yako? Nzuri." Unasoma vizuri. Ila sentensi hiyo, mama, haijaisha.

Turudi nyuma. Kambi ya Mtendeli ilikuwa imejaa wakimbizi wa Kirundi, ile mara ya kwanza ilipofunguliwa, nami nilikuwa msichana wa Kitahana, nikiuza ndizi kambini pamoja na shangazi yangu Generoza. Rafiki yangu Leokadia alikuwa amepata kazi ya kumtafsiria daktari mgeni katika zahanati ya kambi. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo wagonjwa hawakumpa shida. Kiingereza alijifunza kama wewe, akikariri njiani na ndoo kichwani, nasi tukimtania: "Leoka, hata ndoo yako sasa inajua Kiingereza!"

Asubuhi hiyo shangazi alimleta zahanati binti mjamzito, mteja wetu, jina lake Anjelina. Anjelina alikuwa amemnong'oneza shangazi kwamba tangu jana yake mtoto hachezi tumboni. Shangazi hakuuliza zaidi. Alimshika mkono, biashara ikasimama. Zamu ya Anjelina ilipofika aliingia peke yake, sisi tukabaki mlangoni.

Daktari aliuliza hali yake. Leokadia akageuza: "Amakuru?" Yaani, habari? Anjelina akainamisha macho, akapiga viganja taratibu kama binti aliyelelewa, akajibu, "Ni amahoro." Ni amani. Leokadia akampa daktari neno moja, lilelile unalolikariri wewe. Daktari akatabasamu, akaandika kidogo, akamwita anayefuata. Anjelina akainuka.

Unajua kwetu hakuna anayejibu salamu kwa kutaja ugonjwa wake. Unaanza na uzima, hata kama nyumba inaungua. Unaulizwa tena, ya nyumbani, ya shambani, ndipo unashusha mzigo. Leokadia alilijua hilo tangu akiwa ananyonya. Lakini mbele ya mgeni mwenye haraka, na maneno yake yakiwa bado mapya mdomoni, alijibu kama kitabu kinavyojibu.

Shangazi akaingia, chane ya ndizi bado mkononi.

"We Leoka! Mama yako akiulizwa habari, huishia kwenye amani?"

"Shangazi, ndivyo alivyosema."

"Ndivyo alivyoanza! Mtu kapiga hodi, wewe umeshamfungia mlango. Muulize tena, halafu unyamaze."

Leokadia akauliza, akanyamaza. Niliiona mikono ya Anjelina ikiteremka polepole mpaka tumboni. "Ni amahoro," akasema. Tukangoja. "Ila mtoto hachezi."

Daktari hakusubiri kuambiwa mara mbili. Gari likampeleka Anjelina hospitali ya Kibondo, na kabla jua halijazama alijifungua mtoto wa kike, mdogo, anayelia kwa hasira. Habari ilipotufikia shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo naye hakuanza na amani!"

Leokadia aliendelea na kazi, na akawa mkalimani mzuri. Wagonjwa walimpenda kwa kuwa alijua kungoja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walisema kweli. Lakini mara nyingi mtu hafichi. Yuko njiani anakuja, ni wewe uliyeondoka mapema. Kwa hiyo, mwanangu, ukikaa kati ya mgonjwa wa kambi ya Nyarugusu na daktari wake, ukisikia "nzuri", usimgeukie daktari papo hapo. Pumua. Uliza ya nyumbani. Daktari akiharakisha, mwambie bila woga: huyu bado anasalimia. Maneno yako endelea kuyakariri, maana bila hayo Leokadia naye asingefaa kitu. Mungu akupe ulimi mwepesi na sikio lisilo na haraka, na kila atakayekaa mbele yako aondoke amesema lote lililomleta.

Anjelina na binti yake walirudi kwao Burundi kambi ilipofungwa mara ile, wakapitia mpakani Manyovu. Binti huyo, kama yupo, leo ni mtu mzima. Kila nikifika Manyovu huwauliza madereva wa malori na wabadilisha fedha kama wanawajua. Hakuna anayewajua. Basi huuliza tu, habari za huko ng'ambo?

"Nzuri," hunijibu.

Nami husubiri.