Nilivyomwita Bibi wa Watu Gamba la Nyoka

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla rafiki yangu Ashura hajalifikisha kwenye grupu la Watanzania likiwa limetiwa chumvi, maana aibu ilikuwa yangu na naijua kuliko yeye.

Ulikuwa mwaka wa nyoka kwa kalenda ya Wachina, na hapa chuoni kwetu Guangzhou kuna kijiwe cha Kiingereza kila Ijumaa (mimi Kiingereza nimekinywa tangu sekondari, basi wakaniona malkia), wakaniomba niwafundishe maneno ya Kiingereza yanayohusu nyoka, na mimi badala ya kukaa na kamusi nikaenda zangu soko la vitambaa la Zhongda kuchagua kitambaa cha gauni, nikijiambia nyoka ni nyoka tu, nitashindwa nini?

Na kweli nilianza vizuri. "Venom" ni sumu, "fangs" ni meno ya kuingizia hiyo sumu, "hiss" ni ule mlio wake, nikawapigia mlio wenyewe wakacheka, kichwa kikavimba. Ndipo Lin, binti mpole wa mwaka wa pili, akanionyesha simu yake. "Laoshi, na hili?" (Laoshi ni mwalimu; wananiita hivyo na mimi sikatai.) Neno lilikuwa "slough". Sikuwa nimewahi kuliona! Ningesema sijui, yangeisha pale pale, lakini watu thelathini wananitazama, nikakohoa kidogo, nikalisoma "slou" kwa madaha, nikasema ni nyoka mzee anayetembea taratibu kwa heshima zake. Wote wakaandika.

Wiki mbili baadaye Lin akapanda jukwaani kwenye shindano la hotuba za Kiingereza, ukumbi umejaa, mshindi ndiye wa kukiwakilisha chuo Beijing. Alihutubia vizuri mno, mpaka akafika kwa bibi yake, akasema kwa mapenzi yote, "My grandmother is a beautiful old slough."

Jaji mmoja, mama Mwingereza, akavua miwani. "Unajua umesema bibi yako ni ngozi aliyoivua nyoka?"

Kumbe bwana, hutamkwa "slaf", na ni lile gamba analojivua nyoka akaliacha kichakani! Ukumbi ukaangua kicheko. Lin, macho yakimlengalenga, akajibu huku akinitazama, "Ndivyo nilivyofundishwa," na vichwa vyote vikageukia safu ya nne, nilipokaa na kilemba changu chekundu, Ashura pembeni akijifanya hanijui.

Nikasimama. "Kosa ni langu, si lake. Lile neno sikulijua, nikatunga maana."

Majaji wakanong'onezana, wakamruhusu amalizie. Akawa wa pili. Beijing akaenda mwingine.

Nje nikamfuata, nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza na Kichina kwa pamoja, akanikatiza. "Bibi atacheka, laoshi. Lakini kwa nini hukusema tu hujui?"

Nikamwahidi kwamba Ijumaa nitalisahihisha mbele ya wote.

Ijumaa iliyofuata nilirudi mbele ya watu wale wale (ningejificha wapi, chuo chenyewe hiki hiki), nikalisahihisha lile neno. Lin akanyoosha mkono, uso mkavu kabisa. "Laoshi, 'ophidian' ni nini?"

Nikamtazama, nikavuta pumzi. "Silijui. Fungueni kamusi, tujifunze wote."

Hakuna aliyecheka; kamusi zikafunguliwa, kumbe ni neno la chochote kinachohusu nyoka. Na nimeapa, maana ya kutunga haitatoka tena kinywani mwangu, hata ukumbi mzima unikodolee macho.