Siku Niliyoipima Kazi ya Idrisa

Wadogo zangu, kwanza mniwie radhi. Mwandiko wangu si mzuri, na herufi nyingine huenda nimezikosea, maana shule niliishia darasa la saba kule Tanga, na hata sasa naandika polepole, neno moja moja. Mwalimu wa madrasa ya Jumapili aliwaomba wazee wa jumuiya yetu waandike nasaha kwa vijana. Nafasi moja ilibaki wazi, akanitazama mimi. Mimi si mzee, ndevu zenyewe bado zinahesabika. Lakini nimewatangulia kidogo, na liko jambo moja ninalolijua pengine kuliko wazee wale, kwa sababu wao limeshawapoa na mimi bado ninalo. Jambo hilo ni wivu.

Iko safari moja ya kutoka Plano kwenda Houston, hapa Texas, ambayo haijanitoka kichwani. Tulikuwa watatu garini. Aliyeendesha ni Bi Mwanaisha, mama wa Mombasa anayetusimamia kazini, ambaye huendesha taratibu hata malori yanampita yakipiga honi. Pembeni yake alikaa Idrisa. Mimi nilikuwa nyuma, pamoja na mikoba.

Kabla sijaendelea nikueleze kazi yetu, mdogo wangu, usije ukapotea. Ofisi yetu, iliyoko Plano, hutengeneza programu ya kutunza kumbukumbu, ile inayoitwa hifadhidata. Zahanati huweka humo majina ya wagonjwa, umri wao, siku walizokuja na dawa walizopewa. Wateja wetu wengi hutumia kompyuta zinazoendeshwa na mfumo uitwao Unix, ila Unix si moja. Ni kama watoto wa babu mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali. Sura zinafanana, lakini huyu amezoea kula kwa mkono na yule kwa kijiko. Programu inayokwenda vizuri kwenye hii, ukiipeleka kwenye ile inaweza kuanguka. Kazi yangu ilikuwa kuipima kwenye kila moja na kusema imesimama wapi na imeanguka wapi. Kazi ya Idrisa ilikuwa kurekebisha pale ilipoanguka.

Hiyo kazi ya kurekebisha niliiomba mimi kwanza. Bi Mwanaisha alinijibu kwa upole kwamba bado, nijifunze zaidi. Haukupita muda akaja Idrisa kutoka Dar es Salaam na shahada yake, akapewa.

Nikuelezeje nilivyomwonea wivu? Katika mkutano alizungumza Kiingereza kama anayekunywa maji, na mimi nikiulizwa swali naangalia meza. Tulipanga nyumba moja, kwa hiyo hata asubuhi sikupumzika naye, namwona anapiga pasi shati huku akiimba. Shangazi yangu wa Missouri City, pembeni mwa Houston, aliyenipokea nilipofika nchi hii, alianza kunipigia simu na neno lake la kwanza likawa, "Idrisa hajambo?" Shangazi yangu mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko ile kazi.

Sasa, ofisini kwetu ukutani kuna skrini kubwa. Kila aina ya kompyuta ina kisanduku chake pale. Programu ikifaulu, kisanduku huwa kijani, na ikianguka huwa chekundu, na kila anayepita na kikombe chake cha kahawa anaona. Desturi yetu ni kwamba mpimaji, kabla ya kuitundika nyekundu, huenda kwanza mezani kwa mwenye kazi, akamwambia kwa sauti ndogo, naye akapata nafasi ya kutengeneza. Kwa wenzangu wote nilifanya hivyo. Kwa Idrisa nilitundika kwanza.

Alikuwapo kijana wa Kisumu, Otieno, ambaye hakuweza kuona jambo akanyamaza. Akipita mbele ya ukuta anasema, "Idrisa, leo tena nyekundu? Wewe utageuka nyanya, bwana." Watu wanacheka. Idrisa naye anacheka, lakini masikio yake nilikuwa nayaona yanavyobadilika rangi. Nami moyoni nilipata kitu kama maji baridi wakati wa kiu. Na angalia, mdogo wangu, sikusema uongo hata mara moja. Kila nyekundu niliyoitundika ilikuwa nyekundu kweli. Kwa sababu hiyo nilijiona mtu safi.

Taratibu Idrisa akaacha kuniletea kazi zake.

Wakati huo zahanati moja ya Katy, mji ulio karibu na Houston, ilikuwa na kompyuta ya zamani sana iliyokaribia kufa, nasi tulitakiwa kuihamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta mpya. Zote mbili ni za ukoo huo mmoja, lakini ya zamani huandika namba kuanzia upande wake mkubwa, na ile mpya huanzia upande mdogo. Ukilichukua faili la ile ukalifungua kwenye hii bila kuligeuza, mtoto wa miaka mitano anakuwa na umri wa mamilioni ya miaka. Idrisa ndiye aliyepewa kuandika sehemu ya programu itakayogeuza. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, na Bi Mwanaisha hakumficha. Katy ikiharibika ofisi haitaweza kumbakisha, na kibali chake cha kukaa nchi hii kilitegemea kazi hiyo. Angerudi Dar, na kiti chake kingekuwa wazi. Kiti hicho nilikuwa nimeshakiangalia mara nyingi.

Ndiyo ikawa ile safari. Kesho yake tulikuwa tuingie Katy. Garini Bi Mwanaisha aliuliza kama kila kitu kiko tayari, na Idrisa akasema kiko tayari, amepima, yote kijani. Nikamuuliza kutoka nyuma, "Umepimia wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu," akasema bila kugeuka. "Naandika, nasoma, inarudi vilevile."

Nikaelewa hapohapo. Alikuwa akiandika na kusoma kwenye kompyuta ileile moja. Kama amegeuza vibaya wakati wa kuandika, atageuza vibaya tena wakati wa kusoma, na kosa la pili litalifuta la kwanza. Ni kama mtu anayejiuliza swali na kujijibu mwenyewe, lazima atajipa alama zote. Nikatazama nje. Kulikuwa na ng'ombe na mabango ya matangazo, nami nikawatazama wale ng'ombe kwa makini sana.

Katikati ya safari tulisimama kwenye kituo kimoja cha mafuta, vile vikubwa kama soko. Idrisa akaenda kutawadha, kisha akatandika msala wake kwenye majani nyuma ya gari. Mimi na Bi Mwanaisha wakati huo hatukuwa wa kusali, yeye alinuia kuunganisha sala zake tukifika na mimi vilevile. Akamimina chai kutoka chupa yake mwenyewe, maana chai ya vituo haiamini.

"Shabani," akaniambia, "hiyo kazi ya Katy umeipima?"

"Hajaniletea, Bi."

"Mbona wenziwe wote wakuletea?"

Akanywa chai yake kwanza. Kisha akasema maneno ambayo nitayaandika kama nilivyoyasikia.

"Mimi huutazama ule ukuta. Yote uyaandikayo pale ni kweli. Lakini weye ukweli wampiga nao mwenzio. Sasa hata ukimpelekea dawa, atajikinga uso. Wivu si wako peke yako, mwanangu. Mie nilipoanza kazi hizi, wenzangu walipewa mashine mpya na mie zilizochoka. Nilikuwa siwezi kula nao meza moja. Lakini kazi zao zikija kwangu nikizipima kama zangu. Sikwambii uutupe wivu wako, najua hautupiki. Nakwambia usiupe kazi ya kufanya. Mgonjwa wa Katy hamjui Idrisa wala Shabani."

Akafunga chupa yake akaingia garini. Hakungoja nijitetee, na hilo lilinichoma zaidi.

Nikazunguka nyuma ya gari. Idrisa alikuwa anakunja msala. Nikamwambia anipe ile kazi niipime.

"Nikupe ukaipake rangi?"

"Sitaitundika popote."

"Kwa nini leo?"

Mimi si msemaji, na maneno mazuri hayakuja. Nikamwambia tu lililokuwapo, "Kwa sababu ikianguka kesho utarudi nyumbani, na mimi nitakaa kwenye kiti chako huku najua."

Akanigeukia. "Kwa hiyo kiti umeshakikalia, kaka?"

"Nimeshakikalia."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na utani sana, akanitupia ule msala niushike, akafungua mkoba wake wa kompyuta.

Tulifika kwa shangazi mchana. Tukaondoa matunda mezani tukaanza. Mimi niliingia kwa mtandao kwenye kompyuta ya zamani tunayoitumia kwa majaribio kule Plano, nikaiambia iandike. Faili lile nikalileta kwenye kompyuta ya Idrisa, iliyo ya aina ile mpya, tukalisoma. Watoto wa majaribio wakatoka na umri mkubwa kuliko milima. Idrisa akashika kichwa kwa mikono miwili.

Halafu akaanza kutafuta, na kabla mimi sijafungua hata ukurasa wenyewe, kidole chake kilikuwa kimeshagusa mstari uliokosewa. Chai haijapoa, amerekebisha. Nisingeweza, mdogo wangu. Hata kwa wiki nzima nisingeweza. Niliitazama mikono yake inavyokimbia, na wivu ukakaa pembeni yangu pale mezani kama jamaa wa nyumbani. Nikaandika tena kule, nikasoma huku. Nikageuza, nikaandika huku na kusoma kule. Nilitafuta kosa kwa bidii kama adui anavyolitafuta, ila safari hii nilipoliona dogo jingine nilimnong'oneza.

Shangazi akaleta wali. Nyama kubwa akaiweka kwenye sahani ya Idrisa. "Kula, mwanangu, umekonda. Shabani ameshazoea."

Kesho yake Katy, mbele ya daktari na wauguzi, Idrisa alikosea neno lake la siri mara mbili. Akasogea pembeni akaniambia nianzishe mimi. Nikakaa. Nikabonyeza. Majina yakaanza kushuka, na umri, na tarehe. Muuguzi mmoja akatafuta jina la bibi anayemhudumia miaka mingi, akasoma kimoyomoyo, akasema ndiye, na dawa zake ndizo hizi.

Palepale kwenye ujia Bi Mwanaisha akamwambia Idrisa, "Umebaki kwetu." Watu wakampa mkono. Mimi nilikuwa bado nimekaa mbele ya ile kompyuta, na hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona uchungu, sitakudanganya. Aliyembakisha kwenye kile kiti ni mimi, kwa kidole hiki hiki, na kilikuwa kiti changu nilichokiomba. Nikayasoma tena yale majina ya wagonjwa kutoka juu mpaka chini. Yote yalikuwa sahihi. Nikainuka, nikaenda kumpa mkono na mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Utamwonea mtu wivu, na pengine ni mtu mwema, na pengine anastahili alichonacho. Usijidanganye kwamba huna wivu, na usingoje uishe ndipo utende haki, utangoja sana. Ukiona kosa la mwenzio, mwendee yeye kabla hujawaendea watu. Jiangalie hasa pale unaposema kweli na kufurahi. Na kazi yako usiipime peke yako kwa mkono wako mwenyewe. Ipeleke kwa mtu mwenye jicho kali, hata kama hampendani, hata kama ni mimi.

Mungu awape macho ya kuona kosa na ulimi wa kulisema taratibu. Awape riziki zenu zisizopitia kwenye kuanguka kwa mwingine, na awalinde barabarani na kazini, nyinyi na wazazi wenu waliowaleta huku au waliowaacha nyumbani.

Na tafadhali niandikieni. Mpeni mwalimu, atanifikishia. Niambieni kama na nyinyi yuko mtu wa namna hiyo, na mnaishi naye vipi, kwa sababu mimi na Idrisa bado tunakaa nyumba moja na leo asubuhi ameimba tena.