Barua ya Chini ya Rundo

Karani wetu wa masjala hagongi mhuri kabla ya kuujaribu kwenye kiganja chake cha kushoto, ndiyo maana kila jioni hurudi nyumbani na neno IMEPOKELEWA mkononi. Kila barua inayoingia ofisini hupitia kwake. Anaigonga, anaiandika kwenye rejista, anaipanga kwenye rundo la bosi kwa zamu ya kufika, na hata umbembeleze vipi, hairuki foleni. Miezi ya karibuni vidole vyake vimejaa alama za sindano, na ukisimama mezani pake anakutazama mabega. "Kaka, aliyekushonea hilo koti mlikuwa mmegombana?"

Jumatatu alitoa barua kwenye mkoba wake mwenyewe, akajaribu mhuri kiganjani, akaigonga, akaiandika kwenye rejista kama barua ya mtu baki, akaitia chini kabisa ya rundo. Meza zetu zinatazamana, nami nilikuwa nimeisoma kutoka upande wangu alipokuwa akiigonga: baada ya miaka kumi na tisa anaacha kazi, anashukuru kwa yote, anakwenda kufungua duka la ushonaji, na atamfundisha atakayeshika nafasi yake mpaka aive. Kutwa nzima aliimba kwa sauti ya chini, akigonga barua za watu. Saa kumi alasiri bosi alitoka ofisini kwake mbiombio, karatasi mkononi.

"Dada, jambo zito namna hii, mbona hukunipa asubuhi?"

"Kulikuwa na waliotangulia, bosi," alisema, huku macho yake yakimpima mabega.