Siku Niliyokuwa Sijafika

Safari yote ilinigharimu elfu thelathini na moja, mia nne na hamsini. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili ikapanda, kwa sababu nilikuwa nimesahau glavu. Humo mna nauli, chakula, na kiongozi wa mlima niliyemwomba apunguze akatazama pembeni. Buti nilizitoa kwenye belo langu mwenyewe la mitumba, nikajiuzia kwa bei ya rafiki. Hamna gharama ya kibuyu kimoja, na hiyo hadi leo sijui nitaiandika wapi.

Nauza mitumba mjini Kericho. Nilizaliwa hapa, nikasoma hapa, nikaoa hapa, lakini wazazi wangu walitoka chini ya Mlima Kenya, kwa hiyo mtu akishanijua dakika tano huniuliza, "Na kwenu ni wapi?" Mke wangu ni Mkipsigis wa upande wa Kapsoit. Tulipooana, mama yake alisema jambo moja tu, kwa upole, akiendelea kuchuma majani chai bila kunitazama: "Hawa watu ni wazuri. Lakini siku moja hurudi kwao." Ni miaka kumi na mmoja sasa, na hajawahi kunivunjia heshima. Huniita mwenye duka.

Jikoni kwake vibuyu vimetundikwa ukutani, kila mtoto na chake. Mtoto akirudi kutoka mbali, awe alienda kusoma, kufanya kazi au kukimbia mbio, hukuta mursik yake inamngoja: maziwa yaliyolala siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, mpaka yakachacha na kuwa na rangi ya jivu. Watoto ni watano, vibuyu vitano. Nimevihesabu mara nyingi nikingoja chai. Punguzo naweza kulidai kwa mtu yeyote, hata kwa askari, lakini kitu kama hicho unakidai vipi?

Nilipotangaza kwamba mimi na wenzangu wa kanisani tunaenda kuupanda mlima wa babu zangu, mama mkwe aliuliza neno moja.

"Unarudi?"

"Jumamosi, mama."

"Jumamosi gani?"

"Hii inayokuja."

Akahesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu tu.

Ya mlimani sitawadanganya. Kichwa kilianza kuniuma kabla ya kambi ya mwisho, nikatapika uji niliokuwa nimeulipia, na kiongozi akanishika mkono: "Mzee, wewe unashuka." Nilimuuliza kama anayeshuka katikati hurudishiwa nusu ya pesa. Alicheka vizuri sana. Mimi sikuwa natania. Asubuhi wingu liliachana kidogo nikakiona kilele, cheupe, karibu kuliko nilivyotarajia. Nikakisalimu kwa niaba ya marehemu baba, nikageuka.

Ijumaa mchana nikawa nimeshuka steji ya Kericho, siku moja kabla ya niliyoahidi. Mvua ya saa nane ilikuwa imeanza, ile inayofika kama mtu aliyeajiriwa. Nikampigia mke wangu aniwekee maji ya kuoga.

"Uko wapi?"

"Steji."

"Steji gani?"

"Ya hapa Kericho. Kwani tuko nazo ngapi?"

Akashusha sauti: "Usikuje nyumbani."

Nikamuuliza kama ameshaolewa tena, ama ni nini.

"Wacha ujinga. Mama ako hapa. Amekuja na kibuyu, anataka kukupokea. Lakini maziwa haijaiva, inataka mpaka kesho. Anasema hujafika."

"Si nimefika!"

"Hujafika. Ongea na yeye."

Nikamsikia mama mkwe akipumua. Simu huishika mbali na sikio, kama kitu cha moto.

"Mwenye duka."

"Naam, mama."

"Ulisema Jumamosi."

"Nilishindwa, mama. Sikufika juu." Nikaona nimalize yote mara moja. "Hiyo maziwa pengine ungewekea mtu ameshinda."

"Huko juu kuna nini?"

"Mawe, mama. Na baridi."

"Sasa mimi nitafanyia mawe nini? Nilikuuliza kama utarudi. Rudi kesho."

Nikaenda kujificha dukani kwangu, nyuma ya mabelo. Jirani yangu anayeuza viatu aliniona tu.

"Aki umerudi!"

"Bado."

"Bado nini na nakuona?"

"Narudi kesho."

Akanikagua kuanzia buti hadi kofia. "Hiyo baridi imekumaliza," akasema, akaniletea chai. Mteja mmoja akaja kutaka jaketi, tukavutana robo saa, nikamuuzia. Nadhani mimi ndiye mfanyabiashara wa kwanza Kericho kupata faida kabla hajafika. Usiku nililala juu ya masweta, nikahesabu vile vibuyu kichwani. Vitano. Nikahesabu tena, sita.

Jumamosi nilipofika langoni, mke wangu alinivisha shingoni sinendet, majani yale ya mtambaa wanayovishwa washindi, na majirani wakapiga vigelegele kana kwamba mlima nimeuleta. Mama mkwe alisimama mlangoni, kibuyu mikononi.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Sasa kunywa."

Nikanywa. Ule uchachu ulipanda hadi masikioni.

"Kunywa mzuri," akasema. "Usionje kama mtu ananunua."

Watu wakacheka, nami nikaificha sura yangu nyuma ya kibuyu muda mrefu kuliko kiu yangu ilivyotaka. Nilipokitoa, yeye alikuwa akijifuta macho kwa kona ya leso, akilaumu moshi. Jiko letu ni la gesi.

Alipoondoka aliniachia kibuyu. "Ikiisha, lete nikitundike."

Imeisha. Tatizo ni kwamba mama yangu mzazi alinilea hivi: kiondo cha mtu ukikirudisha, weka kitu ndani, hata viazi viwili. Nilifikiria sukari. Mke wangu akasema nikimwaga sukari ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa nirudi huo mlima nikaishi huko. Pesa nilizitoa mfukoni, nikazihesabu, nikaona aibu, nikazirudisha. Kwa hiyo naomba ushauri, hasa kwenu mliooa upande ule: nikirudishe na nini? Nijibuni mapema. Nasikia mama mkwe msumari ameshaupigilia ukutani.