Siku Agathe Alipovuka Uwanja

Agathe alizaliwa Rumonge, upande wa Burundi, akaja Uvira angali binti kuolewa na Ildephonse, Mvira, mwenyeji wa huko, aliyekuwa akipima pamba za wakulima wa bonde la Ruzizi. Uhuru wa Kongo ulipofika mwaka wa sitini, alikuwa amekaa mtaa wa Nyamianda muda mrefu hata watu wamesahau alikotoka. Kivira alikisema bila kukwama. Ndagala zake, dagaa za ziwani alizozianika na kuzigeuza kwa mkono wake mwenyewe, zilinunuliwa hadi Luvungi. Kwa jina la mtoto wake wa kwanza walimwita Mama Gratien, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Jirani yake alikuwa Léa Mukarusanga, Mama Libérate, mke wa mwalimu Gakunzi. Walikuwa wameshuka kutoka milima ya malisho iliyo juu ya mji, ambako babu zao, wafugaji waliosema lugha ya ng'ambo ya mpaka, walizikwa, ili Gakunzi afundishe shule ya Waprotestanti. Kila asubuhi Léa alileta maziwa kwa Agathe, naye akarudi na ndagala. Mwenyewe hakuwala samaki. Wazee wake walimlea hivyo. Lakini watoto wake, waliokulia mjini, walizigombania, na Léa aliwapikia huku amegeuza uso pembeni. Agathe alimcheka mpaka machozi.

Mwaka ule wa uhuru Ildephonse alinunua redio. Jioni majirani walijaa uani kwake kusikiliza nyimbo na hotuba. Mwaka wa sitini na nne waasi wakauchukua mji, na kuanzia hapo redio ikawa na neno moja isilochoka nalo: wageni. Kituo cha serikali kilisema waasi wametumwa na wageni. Kituo kilichokuwa mikononi mwa waasi kilisema serikali imewekwa na wageni. Hakuna kilichotaja ni wageni gani. Basi wasikilizaji wakaanza kuwatafuta wenyewe, na Agathe aliona jinsi macho yalivyokuwa yakiruka ua na kutua mlangoni kwa Léa.

"Baba Gratien," alimwambia mumewe majirani walipotoka, "hii inasema wageni, na ile inasema wageni. Ni banani?"

"Bazungu," Ildephonse alijibu.

"Sasa mbona banaangalia kwa Mama Libérate?"

Ildephonse akaizima redio. Kesho yake akaiwasha tena. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa bila habari.

Siku moja asubuhi, akina mama wakiwa bado wanafagia, mtu alipita na kipaza sauti akiwaita wote wa mtaa waende uwanja wa mpira. Gakunzi alikuwa amepanda milimani kuona ng'ombe wake, na njia ikafungwa nyuma yake, kwa hiyo Léa alienda peke yake na watoto. Uwanjani alisimama komanda wa waasi, kijana mwembamba ambaye hata wiki moja nyuma hakuna aliyemjua.

"Bazaliwa ya hapa, huku!" alisema. "Bale banatoka inje, kule ku goli!"

Watu wakasogea upande wa wazaliwa kama maji. Léa naye akasogea. Mwanamume mmoja akamzuia kwa mkono.

"Weye, kule."

"Baba yangu alizaliwa huku Kongo," Léa alisema. "Na baba yake pia."

"Redio ilisema!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Redio haikuwahi kumtaja Léa. Lakini hakuna aliyesema hivyo, na Léa akawashika watoto wake mkono, akaenda golini. Walisimama pale peke yao.

Agathe alikuwa katikati ya watu wa mumewe. Baadaye alieleza kwamba hakupanga lolote. Alitamani sana kubaki alipo. Ila aliona aibu imempanda shingoni kama homa. Akatoka, akavuka uwanja, akasimama kando ya Léa.

Komanda akamfuata. "Mama, nani amekuita?"

"Umesema bale banatoka inje. Minye nilizaliwa Rumonge."

"Banasema weye iko mama wa hapa."

"Iko hivyo. Minye ni mama wa hapa. Na huyu pia." Kisha akamuuliza kwa heshima, kama anavyoulizwa mgeni mezani: "Na weye, komanda, kwenu ni wapi?"

"Kasongo."

"Kasongo iko mbali kuliko Rumonge."

Watu wachache walicheka, wakaziba midomo. Eugène, mshona nyavu ambaye mama yake alitoka Kigoma, naye akavuka. Baada yake hakuna mwingine. Ildephonse alibaki alipokuwa, kofia mkononi, akitazama chini.

Huenda komanda alitarajia kazi rahisi zaidi. Mwishowe akaamuru wale wa golini waende kuokota mawe kwenye barabara ya bandari mpaka jua lifike utosini, kisha warudi makwao. Wakaokota.

Nyumbani, Ildephonse alisema, "Minye nilizaliwa hapa."

"Najua," Agathe alijibu, akampakulia ugali.

Siku chache baadaye, njia ilipofunguka, Léa alipanda milimani na watoto, na Agathe akamsindikiza mpaka mwanzo wa mlima, amembeba mtoto mdogo mgongoni. Wanajeshi wa serikali waliporudi mjini, Agathe hakusumbuliwa, ila sokoni jina likawa limebadilika. Wengine walimwita yule Mrundi. Wateja wake wa zamani walipita mbele ya meza yake wakiangalia kwingine, na kwa misimu miwili aliuza kidogo sana. Hakujibizana nao. Aliendelea kuwasalimia kwa Kivira.

Mwaka wa sitini na sita Léa na Gakunzi walirudi. Mabati ya nyumba yao yalikuwa yameng'olewa. Walilala kwa Agathe kiangazi chote, na aliyepanda juu kuezeka majani pamoja na Gakunzi, siku baada ya siku, bila kuombwa na mtu, alikuwa Ildephonse.