Wiki Mbili za Kuaga Liwatoni

Kuna siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na tangu jana uliponieleza habari ya kazi yako mpya imekuwa ikinijia kila nikikaa. Umesema wanakutaka Jumatatu, na kule unakotoka utatuma ujumbe wa simu tu, basi. Nilitaka kwanza ukisikie kisa changu, maana nami niliwahi kuitwa hivyo hivyo, kwa haraka.

Nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, twaishi chumba cha juu nyumbani kwa mamangu hapa mtaani Kuze. Kazi yangu ilikuwa kuendesha mtambo wa barafu Liwatoni, katika kiwanda kidogo cha Bwana Twahir. Wavuvi na wachuuzi wa samaki walichukua barafu kwetu. Mtambo wenyewe ulikuwa mkongwe, watumia gesi ya amonia, ile ambayo ikivuja huchoma macho na koo, na ikizidi huua. Aliyeujua mtambo ule ni mimi peke yangu.

Alhamisi moja nikaitwa na Bwana Mutiso, mtu wa bara, msimamizi wa karakana ya makontena ya baridi karibu na bandari. Alinipa kazi papo hapo, yenye mshahara mzuri kuliko wangu. Sharti lake lilikuwa nianze Jumatatu.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, nikamfuata Bwana Twahir. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Badala yake akaniuliza hali ya mama, hali ya mke, hali ya nyumba, na kila swali lilinizidishia jasho. Hatimaye nikamwambia. Hakuniuliza mshahara wala hakunilaumu.

"Aliyekuwa na kazi hiyo kabla yako," akasema, "yuko wapi?"

Sikujua. Akanitakia kheri, akaenda zake. Mimi nikabaki na lile swali. Nilikula nalo, nikalala nalo, na mke wangu nilipomsimulia akaanza kuniuliza yeye pia. Kwa nini nafasi iko wazi? Kwa nini Jumatatu?

Jumamosi asubuhi nikarudi karakana nikamuuliza Bwana Mutiso. Akavuta kiti akaketi. Akanieleza kwamba fundi wake alipata kazi ng'ambo, akaondoka siku ile ile bila kumwonyesha mtu chochote. Tangu hapo makontena yamejazana uani, na hakuna ajuaye yule fundi alikuwa amefikia wapi. Ndiyo sababu ya ile haraka. Nilimtazama, nikaona kwamba lile lililompata yeye, ndilo nililokuwa nakwenda kumfanyia Bwana Twahir.

Nikamwambia kazi naitaka, lakini aniachie wiki mbili nimfundishe mtu. Nilijua wako wengine wanaoingoja nafasi ile. Alifikiri, akapangusa meza kwa kiganja, kisha akanijibu.

"Asubuhi kaa na mzee wako. Alasiri njoo kwangu. Wiki mbili zikiisha, sitaki kusikia neno jingine."

Nilipomweleza hayo Bwana Twahir, alimchagua binti yake, Zuhura, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi. Nilidhani kumfundisha ni kazi ndogo. Asubuhi ya kwanza nikawasha mtambo kama kawaida, naye akaniuliza, "Kaka Athmani, mbona umeligonga lile bomba?"

Sikujua kama nimeligonga. Ilinibidi nisimame nifikiri. Kumbe kila siku nililigonga kwa spana nisikilize mlio. Ukiwa mzito, basi ndani pameganda. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mkono ulijifunza wenyewe, wala haukuniambia. Baada ya hapo Zuhura hakuniacha. Mbona wanusa hapa? Mbona hii koki ndogo waifunga kabla ya ile kubwa? Nikaanza kujitazama kama ninavyomtazama mtu mwingine, na sijapata kwenda kazini kwa hamu kama siku zile. Kila asubuhi nilitaka kujua leo nitagundua nini ninachokijua.

Wiki ya pili, alasiri moja nikiwa kwa Bwana Mutiso, bomba likaachia gesi kule Liwatoni. Nje palikuwa na akina mama na vyombo vyao, wakingoja barafu. Zuhura alinusa kabla ya wote. Aliwapigia kelele wasogee upande unakotoka upepo, akajifunga puani kitambaa kilicholowa maji, akaingia, akazifunga koki. Habari iliponifikia nilikwenda mbio, nikamkuta ameketi nje, macho mekundu, baba yake amemshika bega. Wachuuzi walikuwa wakikohoa, lakini wote wazima.

"Nimeifunga ile ndogo kwanza," akaniambia.

Nilikaa chini kando yake.

Kwa Bwana Mutiso nilifanya kazi hadi nilipostaafu, na kila fundi kijana aliyekuja nilimtaka asimame karibu yangu aniulize maswali.

Mwanangu, sikukatazi kwenda. Umepata pazuri, nenda. Ila uliza kwanza aliyekutangulia aliondokaje, na kwa nini wanakuhimiza. Kisha mwendee mkubwa wako umwambie ana kwa ana, si kwa simu. Huko unakokwenda omba muda kidogo. Wakikataa, hata jibu hilo litakueleza ni watu wa namna gani. Wakikubali, mweke mtu kando yako umwonyeshe kazi yote, hata yale unayoyaona madogo. Unayoyajua ni mengi kuliko unavyodhani, na kuna watu wanayategemea ambao hata jina lako hawalijui.

Mola akufungulie kila la kheri, akukutanishe na wakubwa wenye subira na wenzi wa kazi wenye imani nawe, na kila mahali utakapotoka akujaalie uweze kurudi kuwasalimu watu wake, nao wakuvutie kiti. Amin.