Leso Yenye Bendeji

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijawahi kuzificha. Lakini miaka ile ya mwisho ya ukoloni, pale Changamwe, kulikuwa na mwanamke mmoja niliyemwogopa kuliko simba wa kwetu Taita. Alikuwa kiongozi wa ushirika wetu wa waliookoka, mama wa bara, mrefu, mwenye macho ya kukagua vifungo vya blauzi yako kabla hujasema Bwana asifiwe.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu alikuwa zamu bandarini na mama yangu yuko mbali. Aliyenishika ni jirani, bibi wa Kiislamu, mwenyeji wa hapo hapo. Siku arobaini alinikanda kwa maji moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, akanifokea kila nilipogusa ndoo. Arobaini ilipotimia akaniletea leso, doti nzima, nyekundu, imeandikwa: Mola akikupa hakuna wa kukunyima. Nililia kama mtoto.

Alhamisi nikaivaa ushirikani. Mama yule akaniita pembeni. Watu wa Mungu, akasema, hawavai maneno ya dunia. Nikamwambia haya ni ya Mungu, hebu yasome. Akayasoma, akatikisa kichwa.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, dada. Jina la Mola, nawe unalikalia."

Mimi, niliyewahi kumtupia mwuza samaki samaki wake, nikanywea. Kwetu ushirikani mbishi huwekwa nuruni: anasimama mbele ya wote atubu. Nilijiona nimesimama pale na mtoto mgongoni. Na kuacha kuivaa nisingeweza, maana bibi tulikutana kila siku mferejini tukiteka maji, na leso ya zawadi isiyovaliwa ni tusi. Basi nikachana shuka kuukuu, nikashona ukanda mweupe juu ya maneno, leso zote mbili. Nikajiona nina akili za Sulemani.

Asubuhi mferejini watoto wakauliza leso imeumia wapi, mbona ina bendeji. Bibi hakucheka. Yeye hakujua kusoma. Siku ya kuinunua alimtaka mwenye duka amsomee leso moja moja mpaka akapata maneno anayoyataka.

"Mwanangu," akasema polepole, "maneno yangu yamekukosea nini?"

Nikamwambia ni watu wa kanisani.

"Kwani siku ya uchungu walikushika wao?"

Akachukua ndoo yake akaenda. Siku tatu hakubisha mlangoni kwangu. Sijapata kuona aibu kama ile. Bibi nilimpenda, nami nilikuwa nimemziba mdomo kwa shuka kuukuu.

Alhamisi iliyofuata nikasimama bila kuitwa, na leso ile ile. Nikasema nina dhambi ya kuungama. Nyuso zikachangamka, maana wiki hiyo hapakuwa na dhambi ya maana.

"Bwana ndiye aliyeninunua," nikasema, "lakini tangu niokoke namwuliza mama huyu nivae nini, nisuke vipi, nicheke na nani. Nimemwogopa yeye kuliko Mungu. Natubu."

Mume wangu, aliyekaa upande wa wanaume, akakohoa. Mtu akitubu lazima wimbo uanze, na siku hiyo hapakuwa na wa kuuanzisha. Nikakaa, nikashika leso ya begani, nikaanza kufumua uzi kwa meno. Kila uzi ulisikika. Mwishowe mama mwenyewe akaanzisha wimbo, juu mno, tukashindwa kumfuata.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa bibi. Alikuwa akikuna nazi, hakuinuka. Akavuta pindo la leso, akapapasa matundu ya sindano.

"Hao watu wako wamekupa ruhusa?"

"Sikuwauliza," nikasema.

Akainuka kwenye mbuzi, akaniachia nazi nimalizie kuikuna, akamchukua mtoto mgongoni kwangu.